Jamaika ya Barabara ya Kumi na Mbili

Nilipomtangazia fundi wangu kwamba albamu yangu ya nne haitauzwa, kwamba ni kazi ya moyo na si ya biashara, alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake, kisha akanitazama kwa huruma.

"Yaya," akasema, "na zile tatu zilipitaka, zilikuwaka za biashara?"

Fundi ni mshonaji wa Lubumbashi, na kwao yaya ni kaka mkubwa. Karakana yake iko Jeppestown, hapa Johannesburg, ghorofani, juu ya watu wanaofufua betri za magari, na anashona magauni ya harusi na sare za kwaya. Nyuma ya cherehani zake sita kuna stoo ya vitambaa, na stoo hiyo ndiyo studio yangu. Wenye uwezo hubandika sponji ukutani ili sauti isirudi. Mimi nasimama katikati ya majora ya satini na lesi, na sauti ikishaingia humo haitoki. Sharti ni moja tu: tunarekodi saa ya chakula, cherehani zikinyamaza. Ndiyo maana hakuna wimbo wangu unaozidi dakika tatu, na katika albamu ya pili, ukisikiliza vizuri, kuna mtu anatafuna.

Fundi hupiga gitaa kanisani kwao, na ndiye prodyuza wangu. Mapigo hayapimi kwa kompyuta. Anakanyaga pedali ya cherehani ya zamani isiyo na uzi, taka-taka, taka-taka, na mimi nachana mistari juu yake. Saa nyingine zote za mchana natengeneza mageti ya umeme ya matajiri wa Sandton. Hip-hop ya Kiswahili mjini Johannesburg haijamlisha mtu, na mimi napenda kula.

Sasa, kuhusu Jamaika. Baba yangu alikuwa Mjamaika. Tanga nzima walilijua hilo, au tuseme Barabara ya Kumi na Mbili, ambayo kwetu sisi ndiyo Tanga nzima. Alikuja miaka ya sabini kufundisha uchomeleaji katika chuo cha ufundi, kijana wa nywele za kusimama na suruali pana chini, zama zile watu weusi wa ng'ambo walipokuwa wakija Tanzania kuitafuta Afrika. Yeye alikuja kuitafuta Afrika akampata mama yangu. Akasilimu, akaoa, wakanizaa mimi. Nilipokuwa na miaka minne alikwenda kwao kumuuguza mama yake. Alisema miezi miwili. Zikaja barua tatu, halafu ikaja simu ya maandishi: gari, mlima, mvua. Mama akamsomea hitima bila jeneza wala kaburi, akakaa eda, akatoka, na tangu hapo jina la baba halikutajwa nyumbani kwetu isipokuwa kwenye fomu za shule.

Alichoniachia ni nusu ya wimbo.

Alikuwa akiuimba asubuhi akinyoa ndevu, na mama akaushika kwake, akawa ananiimbia mimi akiniogesha uani. Maneno yake hayakuwa Kiswahili wala Kiingereza. Mama aliyatamka kama alivyoyasikia. Baada ya ile simu hakuimba tena. Nusu ya kwanza ninayo, siwezi kuisahau hata nikitaka. Unapanda, unapanda, unafika mahali unasikia kabisa kwamba sasa kuna ngazi moja imebaki, na ngazi haipo. Nusu ya pili ilikwenda na maji ya beseni.

Nimeishi na hali hiyo zaidi ya miaka arobaini bila kufa. Ila siku moja, nyumbani kwetu Doornfontein, nilikuwa naosha vyombo huku nikivumisha ile nusu. Binti yangu alikuwa mezani. Amezaliwa hapahapa; Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu kwa Kiingereza, na akikasirika kwa Kizulu. Akainua kichwa akaniuliza, kwa Kiingereza chake, wimbo huo unaishaje. Nikamwambia sijui. Akasema, "Eish," kama wanavyoguna watu wa hapa, akarudi kwenye simu yake.

Ile eish ndiyo iliyozaa albamu.

Mtu akishikwa na asili ukubwani anakuwa kichekesho, na mimi sikujinyima. Nilianza kufuga rasta nikiwa na miaka arobaini na sita, wakati nywele zenyewe zilikwishaanza kuhama, kwa hiyo zilizobaki zikaning'inia pembeni kama pazia la dirisha moja. Nikasoma habari za Kingston mpaka nikajua mitaa yake kuliko ya Jeppestown. Nikaanza kuchana kwa lafudhi. Binti yangu aliniuliza, kwa upole wa kweli, kama nimeng'oa jino. Niliimba kuhusu milima ambayo sijaiona, kuhusu rumu ambayo sinywi, kuhusu mababu wa bandarini ambao nilijitungia mmoja mmoja na kuwapa vilema na silaha. Nyimbo kumi na moja. Albamu nikaiita *Nusu Jamaika*. Wimbo wa kumi na mbili ulikuwa ule wa baba. Niliuimba nusu, nikaacha kimya cha sekunde arobaini mahali pa nusu ya pili, nikampigia mama Tanga.

Lazima niseme mama yangu ni nani. Ujanani alikuwa mwimbaji wa kikundi cha taarabu cha akina mama, na wapo wazee Tanga ambao hata leo wakisikia jina lake wanashika kifua. Alipokwenda Maka akarudi hajati, aliweka kiapo: basi nyimbo. Hakuna shehe aliyemlazimisha. Alijiwekea mwenyewe, na mama akijiwekea jambo, hata serikali haiondoi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Mama, ule wimbo wa baba, wa kunyolea ndevu..."

"Umekula nini?"

"Wali. Mama, nusu ya pili inakwendaje?"

"Huko kuna baridi. Unavaa sweta?"

Nilipiga mara sita kwa majuma mawili, nikajua hali ya mbuzi wa jirani, sukari ya mama imepanda kiasi gani, nani kaolewa na nani kaachwa. Mara ya sita akanijibu. "Mimi nilipotoka Maka nyimbo nimeziacha kulekule. Usinivunjie kiapo changu kwa sababu ya ngoma zako."

"Sikuombi uimbe. Unikumbushie tu."

"Ni hicho hicho."

Hapo hasira ikanipanda. Ninayo, nimeirithi, na sina haja ya kuuliza kwa nani. Nikamwambia, "Basi utakufa nao huo wimbo, na mimi nitabaki na nusu baba."

Nikasikia kuku wa uani kwake. Kisha akasema, "Haya, kwaheri," akakata.

Sijawahi kuona haya kama siku ile. Mtoto haongei hivyo na mzazi wake, awe na miaka sita au sitini. Nilipiga kesho yake kuomba radhi, hakupokea. Nilituma salamu, nikaona amezisoma, hakujibu. Wiki tano. Nikawa napanda gari la abiria asubuhi namfikiria, nashuka jioni namfikiria, na sukari yake ile, na sentensi yangu ile.

Na bado, kwa kuwa mimi ndiye mimi, niliimalizia albamu. Kwenye kile kimya cha sekunde arobaini nilibuni mwisho wangu mwenyewe, na fundi akauwekea gitaa. Gitaa la Lubumbashi halijui huzuni muda mrefu. Lilianza kwa adabu, baada ya sekunde kumi likawa linataka watu wainuke na viti. Fundi akafumbua macho akasema, "Iko bien sana, hii." Mimi nikasema sharp, yaani sawa kwa lugha ya mji huu, maana washonaji walikuwa wanarudi na mabakuli yao.

Alhamisi asubuhi nikamtumia mama albamu nzima kwa simu, na maneno machache: *Hii ni hitima ya baba. Haiuzwi.* Nusu ilikuwa radhi, nusu ilikuwa kumchokoza. Sikudhani angesikiliza.

Jumamosi, kama saa nne asubuhi, nilikuwa Sandton nimepiga magoti kwenye geti la nyumba moja yenye ukuta mrefu. Geti lilikuwa limegoma kwa sababu ya mjusi. Mijusi ya mji huu hupenda joto la ile bodi ya umeme. Huingia kulala, hukaukia humo, na tajiri anabaki nje na gari lake. Nilikuwa nambandua marehemu kwa bisibisi, simu ikalia. Ujumbe wa sauti kutoka kwa mama. Ukalia tena. Ilipotulia zilikuwa jumbe saba.

Ya kwanza: "Wee mtoto. Hitima ya ngoma umeiona kwa nani? Nimesikiliza zote. Nimeunguza maharage yangu kwa ajili yako."

Ya pili alikuwa anakohoa tu, halafu akasema ngoja.

Ya tatu nitaiandika yote, maana nimeisikia mara nyingi kuliko nyimbo zangu.

"Baba yako hakuwa Mjamaika. Nani kakwambia Mjamaika? Mimi ndiye niliyekwambia, najua. Baba yako mtu wa Sent Lusia. Ni kisiwa, ukitazama ramani kipo, kidogo. Sasa fikiria. Bibi yako alikuwa ananitafutia sababu. Mwanamume kasilimu juzi, nywele zile, hana ukoo wa kwenda kuulizwa. Nikamwambie tena anatoka kisiwa chenye jina la mtakatifu wa kanisani? Posa ingevunjika palepale mlangoni. Nikasema Jamaika. Jamaika hakuna aliyejua ni ya dini gani. Barabara nzima wakaishika, Mjamaika, Mjamaika. Mwenyewe alicheka akaitika. Mjomba wako akaenda kuandikisha cheti chako cha kuzaliwa, akaandika Jamaika. Nikasema nitakwambia ukikua. Ukakua. Nikasema nitakwambia ukioa. Ukaoa, ukaacha. Siku zikapita."

Ya nne: "Sasa unapiga kelele Kingston, Kingston, nyimbo kumi na moja! Kingston ya nani?"

Ya tano hakuna kitu, ni kuku.

Ya sita: "Na ule wa mwisho mmeuharibu. Huyo mpiga gitaa amekwenda harusini? Pale hushuki, mwanangu. Pale unapanda. Sikiliza. Ni hivi."

Na akaimba.

Aliimba tangu mwanzo mpaka mwisho, sauti ya mwanamke wa miaka sabini na ushei, iliyoshuka na kukwaruza, lakini iliyojua kila kona ya njia. Alipofika pale pasipokuwa na ngazi, aliweka mguu akapanda, na ngazi ilikuwapo. Ilikuwapo miaka yote. Mwishoni akagonga kitu mara tatu, nadhani ubao wa meza. "Hapo," akasema, "ndipo alipokuwa akigonga wembe kwenye ukingo wa beseni."

Ya saba: "Basi. Usimwambie mtu."

Nilikaa chini kwenye majani ya tajiri nikalia. Sikulia kwa ustadi. Nililia na kamasi, bisibisi mkononi, rasta zangu nne zikinigonga usoni. Mlinzi wa mtaa, mtu mzima mwenye mwavuli, alivuka barabara akaja kunisimamia. Akaniuliza, "Baba, uko sharp?" Nikamwonyesha yule mjusi. Akamtazama, akanitazama, akavua kofia. Akanipa pole.

Jumatatu, saa ya chakula, nikampelekea fundi. Nilimsikilizisha ile ya sita tu. Akasema rudisha. Nikarudisha. Mara ya tatu akaweka mkasi chini.

"Yaya, lakini mama iko naimba Kifaransa!"

"Kifaransa gani? Mama yangu hajui hata bonjour."

"Ya kuvunjika-vunjika, ya watu ya mu visiwa ya bahari. Njo vile. Sikia pale: *krab*. Ni kaa. Kaa aliingia mu nyumba ya mutu, na anakatala kutoka." Akasikiliza tena, mkono kwenye sikio. "Banamufukuza na fagio. Anakatala. Anasema, mi niko kwangu."

Nikamwambia hapana, rudia. Akarudia. Kaa. Wimbo nilioubeba kifuani zaidi ya miaka arobaini, nilioulilia usingizini, niliotaka kuujengea albamu nzima yenye mababu na mapanga, ulikuwa unahusu kaa mkaidi na fagio. Fundi alijaribu kujizuia kwa heshima ya marehemu. Alishindwa. Tulicheka mpaka washonaji wakaja kuuliza nini, wakaelezwa, na mmoja wao akalazimika kukalia gauni la mtu.

Jioni ile nikampigia mama. Alipokea.

"Mama, nisamehe kwa lile neno."

"Lipi?" akasema. Ndivyo anavyosamehe. "Umekula?"

Nikamwambia habari za kaa. Kisha nikasikia kitu ambacho sikukitambua mara moja: mama yangu alikuwa anacheka, mpaka akakohoa, mpaka akaweka simu chini akaenda kunywa maji akarudi. "Alinidanganya," akasema. "Aliniambia ni wimbo wa mapenzi. Mwizi yule! Miaka yote hiyo namuimbia kaa!" Sikuwahi kumsikia akimtukana baba. Kumtukana ni kumtaja, na alimtaja kwa jina lake, jina la Kiislamu na lile la kwao pia, ambalo mimi nililisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Nikasema, "Mama, ile sauti nataka niiweke kwenye albamu. Lakini kuna kiapo chako. Umeimba."

"Nani kaimba?"

"Wewe. Jumamosi."

"Mimi sikuimba. Nilikuwa nakusahihisha. Kumsahihisha mtoto ni wajibu wa mzazi, hakuna kiapo kinachokataza."

"Kwa hiyo niiweke?"

"Weka. Isiuzwe tu. Akitokea wa kununua mwambie mama kakataa. Na hiyo Jamaika yako uitoe, inatia aibu."

Sasa ndiyo nikawa na sababu ya kutouza, baada ya miezi ya kujifaragua. Nyimbo zilizobaki nilitaka kuzifuta zote kwa hasira. Fundi akanikatalia. Akasema hata gauni la bibi harusi aliyekonda halitupwi, linafumuliwa na kushonwa upya. Tukafumua. Tukaitoa Kingston, tukawatoa mababu wangu wa kubuni na vilema vyao, na mahali pa lafudhi nikarudisha mdomo wangu wa Tanga. Katikati ya nyimbo tukashona yale makaripio ya mama. Nilichojua kuhusu Sent Lusia kilienea kwenye mistari minne, na nikaiacha iwe minne. Jina tukakata: *Nusu*. Rasta pia nikakata. Binti yangu alishika mkasi, bila hata chembe ya majonzi.

Tuliisikiliza Jumapili moja baada ya adhuhuri, palepale karakana, cherehani zikiwa zimefunikwa. Nilipika pilau. Walikuja Watanga na Waunguja wa jengo letu waliodhani ni hitima ya kweli na kanzu wamevaa, wakakuta na walokole wa fundi waliotoka ibadani na tai zao, wakasogezana. Mzee mmoja alianza kwa Fatiha, na hakuna aliyekosea kusema amina. Kisha ikaja sauti ya mama, *Wee mtoto*, na nusu ya watu walikaa vizuri kwenye viti vyao. Wimbo wa kaa ulipopigwa walitaka urudiwe. Uliporudiwa, ulipofika mwisho, binti yangu aligonga ukingo wa meza mara tatu, mahali penyewe hasa. Hakuna aliyemwambia. Niliinama nikawa naokota pini sakafuni, na siku ile hapakuwa na pini.

Mama akapiga jioni. Akauliza pilau ilikuwa na viazi au haina, nani alikuja, walisemaje.

"Wamesema uimbe tena."

"Siimbi. Nimeacha." Nikasikia anavuta kigoda. "Hebu wewe imba, nisikie kama umeushika."

Nilikuwa nimeushika. Nilikuwa naujua kuliko namba yangu ya simu; ningeweza kuuimba usingizini, na nadhani niliwahi. Binti yangu alisogea karibu na simu. Nikaanza vizuri, nikapanda, nikapanda, nikafika pale kwenye ngazi. Nikashuka.

"Wee mtoto!" akasema mama. "Si hivyo!" Akasafisha koo, akaanza tangu mwanzo.

Anapiga kila Jumapili. Mpaka leo sijaupatia.